Mkeka kwanza, kinasa sauti baadaye: mafunzo kutoka kwa wasomi wa Tonga walioko ughaibuni

Mtu anaweza kuingia ukumbi wa kanisa kule Māngere, kusini mwa Auckland, akagawa madodoso arobaini, akayakusanya yote yakiwa yamejazwa, na asiwe amepata kitu. Wazee wamejibu kwa adabu. Wameandika wanachoona kitampendeza mgeni, wakamrudishia kalamu yake. Timote Vaioleti, msomi wa Kitonga wa Chuo Kikuu cha Waikato nchini New Zealand, alilijengea hoja jambo hili mwaka 2006, na makala yake imekuwa mlango wa kuingilia kwa watafiti wengi wa Pasifiki: Mtonga hafunguki mbele ya fomu, hufunguka mbele ya mtu. Njia aliyoieleza inaitwa talanoa. Tala ni kusimulia. Noa ni hali ya kutokuwa na jambo maalumu lililopangwa. Mazungumzo yanaachwa yatembee, na maarifa yanachipuka njiani.

Watonga ninaowazungumzia ni wa visiwani, katika Bahari ya Pasifiki, si wale wa bonde la Zambezi wala wa kando ya Ziwa Nyasa. Ufalme wao una watu wapatao laki moja. Walioko nje ni wengi kuliko waliobaki: New Zealand peke yake sensa ya 2018 ilihesabu zaidi ya 82,000, na wengine wako Sydney, Salt Lake City, Hawaii, California, na hata mji wa Euless huko Texas. Kwa hiyo msomi wa Kitonga anayeandika kuhusu jamii yake anaandika kuhusu watu walioenea bahari nzima, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mmoja wa walioenea.

Aliyelitambua hilo mapema na kulisema kwa sauti kubwa ni Epeli Hauʻofa. Alizaliwa 1939 Papua, ambako wazazi wake Watonga walikuwa wamisionari. Alisoma Papua, Tonga, Fiji, Australia na Kanada, akapata udaktari wa anthropolojia mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kwa utafiti juu ya Wamekeo wa Papua New Guinea. Alifanya kazi katika ofisi ya mfalme huko Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, kisha akafundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, Suva, Fiji, ambako mwaka 1997 alianzisha kituo cha sanaa na utamaduni wa Oseania. Alifariki Suva mwaka 2009.

Mwaka 1993 aliandika makala iliyobadilisha namna Pasifiki inavyojieleza. Kwa muda mrefu alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kile ambacho wachumi wote walisema: visiwa vyenu ni vidogo, maskini, viko mbali na kila kitu, haviwezi kujitegemea. Akaona nyuso zao zikishuka, akaanza kujiuliza anawafanyia nini vijana hawa. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kuona visiwa vilivyotupwa katika bahari ya mbali na kuona bahari yenye visiwa. Ukiiona bahari kuwa ndiyo nchi, udogo unatoweka. Na hakuegemea nadharia tupu. Alisimulia habari za rafiki yake Mtonga aliyeishi Berkeley, California, ambaye alikuwa akipanda ndege kwenda Fiji kununua kava, mzizi unaosagwa ili kutengeneza kinywaji, ya kuuza Marekani, akileta fulana za kuuza chuoni, na kurudi na masanduku ya barafu yaliyojaa vyakula vya baharini. Mchumi angemwandika mtu huyo kama mhamiaji mmoja. Hauʻofa alimwona kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja katika kazi, na hapa ndipo watafiti wengi huanguka kabla hawajaanza. Dodoso la kawaida huhesabu kaya: nani analala chini ya paa hili. Kwa Watonga kipimo hicho hukata mwili vipande. Mtoto analelewa na shangazi Ōtāhuhu, Auckland, karo yake inalipwa na mjomba aliye Utah, na bibi yake aliyebaki Tonga, huko Vavaʻu, anasuka mikeka itakayotolewa siku ya harusi yake. Ukihesabu kaya utaandika kaya tatu zenye upungufu. Kinachofaa kuhesabiwa ni kāinga, ukoo mpana wenye wajibu wa pande zote. Njia rahisi ni kuchukua karatasi kubwa, kumwomba mzee aliyekupokea ataje watu wote waliohusika katika msiba au harusi ya mwisho ya ukoo, kisha mbele ya kila jina kuandika mambo manne: anaishi wapi, alileta fedha kiasi gani, alileta mikeka au vitambaa gani, na nani analea mtoto wa nani. Uliza kuhusu tukio lililopita, usiulize kuhusu hali ya kawaida. Ukiuliza hali ya kawaida utajibiwa kwamba sote tunasaidiana. Ukiuliza kuhusu msiba wa mwaka jana, majina yatatoka moja baada ya jingine.

Jihadhari pia na saa. Jumapili ya Tonga bado ni Jumamosi huko Utah, na Jumapili katika ufalme huo imelindwa na katiba ya 1875 yenyewe: ni siku takatifu, biashara hufungwa, na makubaliano yanayotiwa saini siku hiyo ni batili. Mtafiti anayempigia mzee simu Jumapili mchana ili aweke saini fomu ya ridhaa ameharibu mambo mawili kwa mpigo.

Neno la kulishika katika yote haya ni vā. Ni nafasi iliyopo kati ya mtu na mtu, au kati ya ukoo na ukoo, nayo haitazamwi kama utupu. Inaunganisha, na hudhoofika isipotunzwa. Kuitunza ni tauhi vā. ʻOkusitino Māhina ameijengea nadharia nzima ya wakati na nafasi, na Tēvita Kaʻili amechunguza jinsi Watonga wa Maui, Hawaii, wanavyoitunza vā hiyo wakiwa mbali na nyumbani. Sisi tunaosema undugu ni kufaana si kufanana hatuhitaji kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba kwa Watonga kufaana huko kuna taratibu kamili, na msomi anayezikiuka huonekana hakulelewa.

Taratibu zenyewe huanza wiki kadhaa kabla ya kikao. Hauendi mwenyewe. Anatangulia mtu anayekujua wewe na wenyeji pia, mara nyingi mchungaji au ndugu wa upande wa mama, naye ndiye anayepanga siku. Unapoenda, unavaa taʻovala, mkeka wa kiunoni uliofungwa kwa kamba; mwanamke anaweza kuvaa kiekie, mshipi wenye nyuzi zinazoning'inia. Anayekuja na suruali na shati tu hafukuzwi, ila amesema bila kufungua mdomo kwamba kikao hiki si kitu kwake. Unabeba zawadi, chakula au kava, na unaitoa mwanzoni bila kuihusisha na maswali yako. Kamati za maadili za vyuo hupenda kuita zawadi hiyo malipo ya mshiriki na kutaka ilingane kwa kila mtu. Kwenye maombi yako ya kibali ieleze kwa jina lake, kwamba ni desturi ya kuingia nyumbani kwa watu na inatolewa kwa ukoo mzima, la sivyo utalazimika kugawa bahasha zenye noti za dola ishirini ishirini mbele ya wazee, na hiyo ni aibu kwako na kwao.

Kikao hufunguliwa kwa sala. Kisha anayezungumza kwanza hutoa fakatapu, salamu ya kutambua walioko na heshima zao: Mungu, mfalme, machifu, viongozi wa dini, kisha wenyeji. Usiikate kwa sababu muda unakwenda. Msomi kijana aliyekulia Sydney na asiyeiweza vizuri hufanya vyema kumwomba mzee amsemee. Kujaribu na kuruka cheo cha mtu aliyekaa mbele yako ni kosa litakalokumbukwa kuliko utafiti wako.

Kwa wanaume, talanoa nzuri hupatikana kwenye faikava, yaani kikao cha kunywa kava kinachofanyika usiku, mara nyingi Ijumaa, katika vilabu vinavyoitwa kalapu au kwenye gereji ya mtu. Unga wa mzizi hukorogwa na maji kwenye bakuli la mbao liitwalo tanoʻa, na hugawiwa kwa kifuu cha nazi. Anayegawa, touʻa, kwa desturi ni msichana asiye na udugu na waliopo. Mizunguko ya kwanza ni ya mzaha, mpira na habari za kanisa. Yenye uzito hutoka baadaye sana, pengine usiku wa manane, ndiyo sababu mtafiti aliyepanga dakika tisini huondoka saa ambayo kikao kinaanza. Kava huleta utulivu na usingizi, basi panga dereva asiyekunywa. Kinasa sauti omba kwanza, kiweke katikati ambapo kila mtu anakiona, na usitegemee peke yake: wakianza kuimba, sauti za hiva, nyimbo zao, hufunika kila kitu. Andika muhtasari asubuhi, kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Walioko Australia wajue kwamba msafiri anaruhusiwa kuingia na kilo 4 za kava, kutoka kilo 2 zilizokuwa kikomo hadi mwaka 2019.

Wanawake wana mahali pao, na ni kosa la kiwango cha juu kudhani kwamba utawapata kwenye kava. Wako kwenye kokaʻanga, kazi ya kuunganisha ngatu, kitambaa cha gome la mti wa hiapo. Huketi pande mbili za meza ndefu iliyopinda mgongo, wanapanga vibao vya michoro viitwavyo kupesi juu yake, wanatandaza magome na kuyagandisha kwa uji wa wanga, kisha wanasugua rangi. Kipande kikubwa, launima, kina sehemu hamsini na urefu wa karibu mita 22. Ughaibuni gome ni adimu, kwa hiyo wanawake wa Auckland walianza kutumia kitambaa kisichofumwa, kile mafundi cherehani wanachotia ndani ya kola, na kukiita ngatu pepa. Msomi mmoja mmoja amewahi kukiandika kama bandia. Hilo halifai. Ukikaa na wanaokitengeneza utasikia wakipanga ni kipande gani kitakwenda kwa nani, kwa msiba upi, na kwa nini, na hiyo ndiyo taaluma yenyewe. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka. Chukua brashi, fanya kazi; anayekaa pembeni na daftari hatasikia kitu.

Kuna mwiko mmoja ambao umezima vikao vingi. Kaka na dada hawazungumzii mambo ya mwili, mapenzi wala matusi mbele ya kila mmoja, na kaka na dada kwa Kitonga ni pamoja na binamu wa mbali. Mtafiti wa afya anakusanya vijana kumi wa kanisa moja, anauliza kuhusu kinga ya uzazi, na chumba kizima kinanyamaza. Anaandika kwamba vijana wa Kitonga hawana ufahamu. Wanao. Ila wawili kati yao ni wajukuu wa bibi mmoja. Kabla ya kuunda kikundi chochote, mpe mtu anayejua nasaba orodha ya majina, na tenganisha wanawake na wanaume hata kama mada inaonekana nyepesi.

Jambo la saini lina kidonda chake. Kati ya 1974 na 1976 polisi na maofisa wa uhamiaji wa New Zealand walikuwa wakivamia nyumba za watu wa Pasifiki alfajiri, mbwa wakibweka, kutafuta waliopitisha muda wa viza. Nyumba za Watonga wa Auckland zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Takwimu za miaka ya 1985 na 1986 zilikuja kuonyesha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa kama theluthi moja ya waliopitisha muda, lakini asilimia 86 ya walioshtakiwa. Serikali iliomba radhi rasmi tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern akifunikwa mkeka mbele ya jamii kama ishara ya kuomba msamaha. Mzee aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa misako bado yuko hai, na karatasi yenye jina lake, anwani na nembo ya taasisi si karatasi tu kwake. Omba kibali cha ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa. Kamati huikubali sababu ikielezwa vizuri, na eleza sababu hii hasa.

Kisha inakuja kazi ya maneno, ambayo watu huidharau. Kitonga kina herufi 17, na ya mwisho ni fakauʻa, alama inayoonekana kama koma iliyopinduliwa. Ni konsonanti kamili. Tau ni vita. Taʻu ni mwaka. Sisi tunaojua kwamba ng na ng' si kitu kimoja tunapaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu. Programu za kompyuta huigeuza kuwa alama ya kunukuu, nayo katalogi ya maktaba hupeleka jina la ʻOkusitino mahali pasipojulikana. Tumia herufi yake maalumu na uitafute kazi ya mtu kwa tahajia zote mbili. Mstari juu ya irabu nao usiuache. Kuna pia tabaka za lugha: mtu wa kawaida anakula kwa neno kai, chifu kwa neno ʻilo, mfalme kwa neno taumafa. Mnukuzi asiyejua tabaka hizi atatafsiri yote matatu "kula" na kupoteza ni nani aliyekuwa akizungumziwa. Saa moja ya talanoa huhitaji saa sita hadi nane za kunakili, na zaidi ikiwa mzee ametumia heliaki, fumbo la kusema kitu kimoja ukimaanisha kingine, ambapo ua la heilala si ua bali ni mtu wa ukoo wa kifalme. Aliyekulia na mafumbo ya Kiswahili anaelewa kwa nini tafsiri ya neno kwa neno hapa ni upotoshaji.

Konai Helu Thaman, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ameipa kazi yote sura ya kusuka kakala, shada la maua yenye harufu. Toli ni kuchuma, tui ni kusuka, luva ni kumvika mwingine. Waliomfuata wakaongeza teu, maandalizi ya mwanzo, na wakaongeza mālie na māfana, yaani kama kazi imependeza na kama imepasha moyo joto. Ninaipenda sura hii kwa sababu inaweka wazi kwamba maua hayana thamani sawa na kwamba shada halisukwi ili libaki kwa msukaji. Katika bajeti luva ndiyo inayosahaulika. Tenga fedha za ukumbi, chakula na mtafsiri kwa ajili ya kusoma matokeo kwa Kitonga mbele ya waliokupa maneno yao, na fanya hivyo kabla ya kutuma makala kwenye jarida, ukiacha miezi miwili ya kurekebisha watakayokataa.

Lililo gumu kuliko yote ni kalenda ya msomi mwenyewe. Kuna misinale, sadaka kubwa ya mwaka kanisani, ambapo kiasi husomwa kwa sauti mbele ya waumini. Kuna karo za watoto wa nyumbani. Fedha zinazotumwa na walio nje ni zaidi ya theluthi moja ya pato la Tonga, na mwenye shahada huombwa kwanza. Na kuna putu, msiba, unaochukua siku nyingi. Aliye juu kwa nasaba, fahu, hukaa karibu na kichwa cha marehemu na kupokea mikeka bora. Walio chini huvaa taʻovala kubwa zilizochakaa, hukaa nje, hupika. Daktari wa falsafa anaweza kuwa ndiye anayekoroga sufuria nyuma ya ukumbi, na hakuna anayeona ajabu. Sheria ya New Zealand humpa mfanyakazi siku 3 za msiba wa mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu, babu au bibi. Mehekitanga, dada wa baba, hamo katika orodha hiyo. Kwa ajili yake kuna siku 1, tena mwajiri akikubali. Kwa Mtonga huyo ndiye mtu wa heshima ya juu kabisa katika ukoo. Msimamizi wa tasnifu asiyelijua hili atamwona mwanafunzi wake kuwa mzembe. Dawa ni kulisema siku ya kwanza: kuandika kwenye mpango wa masomo, kwa jina, wajibu unaotarajiwa, na kuomba muda wa akiba wa miezi sita badala ya kuja kuomba huruma kila mara.

Mlima wa volkano wa Hunga Tonga ulipolipuka tarehe 15 Januari 2022, kebo ya mawasiliano chini ya bahari ilikatika na Tonga ikakaa takriban wiki tano bila mtandao wake wa kawaida. Utafiti uliotegemea simu za video ulisimama. Auckland watu walijaza mapipa ya chakula, maji na nguo kwa ajili ya meli, na wasomi walikuwa kwenye foleni hiyo hiyo wakibandika majina ya jamaa. Walioweka akiba ya nakala za mahojiano nchi mbili tofauti waliweza kuendelea baadaye.

Nakala hizo zina jambo moja la mwisho. Kila familia ipewe sauti za wazee wake kwenye kifaa chake, pamoja na karatasi yenye majina na tarehe, kwa sababu baada ya miaka kumi wazee hao hawatakuwepo na wajukuu wa Utah watataka kuisikia sauti ya bibi wa Vavaʻu. Usiamue mwenyewe nani akabidhiwe. Mwulize yule aliyekutambulisha siku ya kwanza. Huenda akataja mtu ambaye hakusema neno lolote kwenye kikao chako.